Kanzu Nyeupe, Ukuta Mwekundu

Zulaika alikuwa fundi wa kanzu, Old Kampala. Kila asubuhi alifagia vumbi jekundu chumbani. Plasta ya zamani ilikuwa imebanduka, na matofali yalikuwa wazi.

Siku moja Maalim Uthman alirudisha kanzu yake. Ilikuwa na doa la vumbi la ukuta mgongoni.

"Nyekundu ya kanzu ni ya uzi kifuani, si ya mgongoni," alisema. "Ukinichafulia nyingine, ya Idi nitashonesha kwingine."

Zulaika aliumia. Idi ilikuwa mwezi ujao, na kanzu ndizo zilizolisha watoto wake. Lakini mwaka ule wa 1976 saruji ilipatikana kwa magendo tu, na wa magendo wakikamatwa, wengine hawarudi.

"Shingo yangu siipeleki huko," alijisemea. "Ila ukuta huu nitaufunika."

Akamwita jirani yake Adyero, mke wa polisi. Kwao Acholi wanawake ndio hukandika nyumba.

"Udongo ya kichuguu iko," alisema Adyero. "Tia mavi ya ng'ombe, nashika sana."

"Dada, hapa natundika nguo za swala. Hiyo ni najisi."

"Basi tutia nyasi. Nyasi iko dini gani?"

Wakacheka. Zulaika hakusubiri. Jioni alileta udongo wa kichuguu, akakandika peke yake. Kesho yake udongo wote ulikuwa sakafuni.

"Haraka haraka haina baraka," alikiri.

"Tofali kavu iko na kiu," Adyero alieleza. "Nakunywa maji yote ya udongo. Kwanza toa vumbi na brashi. Halafu nyunyiza maji. Na tujaribu kidogo kidogo, tuone gani nashika."

Walipaka viraka vitatu: udongo mtupu, udongo na mchanga, udongo na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa. Baada ya siku nne, cha kwanza kilikuwa na nyufa. Adyero aligonga vingine kwa kidole. Cha pili kililia kama debe tupu, hakikushika. Cha tatu kilikuwa imara.

"Hiki," alisema Zulaika.

Walikandika kwa tabaka mbili nyembamba. Ya kwanza ilipokauka, waliilowesha kidogo, wakaweka ya pili. Ilipokauka nayo, walipaka chokaa.

Siku mbili kabla ya Idi, Maalim Uthman alikuja na wanawe wawili. Alivaa kanzu mpya aliyoshonewa hapo, akauegemea ukuta makusudi, kisha akageuka.

"Mgongo vipi?"

"Mweupe, Maalim."

"Basi nipimie na wanangu wawili."

Zulaika alichukua futi. Usiku ule alishona bila kulala, na hakujali.