Seva Iliyomkubali Marehemu

Asubuhi moja ya Julai, seva ya kliniki ya figo pale Kimandolu ilimkataa Theresia wa mapokezi. Siku zote kompyuta yake ilipeleka nakala za faili za wagonjwa huko bila mtu kuigusa. Ilibisha hodi, ikataja jina na neno lake la siri, ikafunguliwa. Siku hiyo ilibisha, ikajibiwa kwamba haitambuliki.

"Hujabadilisha paswedi?" aliuliza Salha, fundi wa mtandao.

"Nibadilishe ya nini, dada? Hiyo hiyo moja inanishinda." Theresia alicheka, kisha akaacha. "Leo kila kitu kinanikataa. Asubuhi mbwa wetu kaning'akia mpaka mama akatoka na fimbo. Mbwa niliyemlea mwenyewe!"

Salha hakutia maanani. Mambo ya mbwa aliwaachia wenye mbwa. Alikagua neno la siri, likawa sahihi. Akakagua saa, maana seva na kompyuta zikipishana saa huanza kushukiana kama wake wenza, nazo zilikwenda sawa. Kufika mchana kompyuta zote za kliniki zilikuwa zimekataliwa, ya Salha mwenyewe ikiwemo. Moja tu ndiyo iliendelea kupokelewa, na hiyo ilikuwa ya Jamaldini.

Jamaldini alikuwa fundi mwenzake. Homa ilimchukua mwezi uliopita, na kompyuta yake ilikuwa stoo, imechomolewa nyaya zote, imefunikwa kanga. Salha alikwenda kuihakikisha kwa macho yake. Alipoinua ile kanga, harufu ya udi na udongo mbichi ilimpanda puani, harufu ile ile ya siku ya mazishi.

Kwa kanuni za kazi, jina la Jamaldini lilitakiwa kufutwa kwenye seva siku aliyozikwa. Lakini Daktari Ebenezer, mwenye kliniki, Mlutheri wa Machame mwenye adabu zake, alikataa.

"Wenzetu wana arobaini yao," alisema. "Tumfute mtu hajasomewa? Mjane wake tutamtazama na uso gani?"

Wote waliafiki, na Salha, aliyemlilia Jamaldini kama kaka wa tumbo moja, aliafiki kuliko wote. Ulikuwa utu, nani atawalaumu? Ila waliacha wazi mlango wa mtu asiyekuwepo, na mlango wa namna hiyo haukosi mpitaji.

Jioni, nyumbani Olasiti, Salha alimwamkia mama yake, Bi Mwanahalima, akapiga magoti na kumfungulia mikono mwanawe Najim. Mtoto, miaka mitatu tu, akajificha nyuma ya bibi yake.

"Huyu siyo," alisema. "Mama ameshakuja."

Salha aliogopa. Baba wa mtoto alikwenda machimboni Mererani akaoa huko huko. Najim ndiye aliyekuwa kila kitu chake duniani. Ilimchukua muda na ndizi mbivu kumrudisha mapajani. Akamweleza mama yake habari yote ya seva, na mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka kufunga dirisha.

"Jina la maiti haliachwi mlangoni," alinong'ona. "Majini wanazurura wakitafuta jina la kuvaa. Akishalivaa moja, anataka jingine. Kuanzia leo, anayebisha hapa simfungulii kwa sura wala kwa sauti. Atataja neno."

"Neno gani, mama?"

"Pale tulipozika kitovu cha Najim."

Walikizika wao wawili, chini ya mparachichi, kwenye kishamba chao cha Akheri, na hawakumwambia mtu mwingine. Salha alitabasamu licha ya hofu. Kumbe na mama yake naye alikuwa fundi.

Kesho yake diski kuu ya kliniki ilianza kukwaruza. Ikifa kabla seva haijapokea nakala, wagonjwa wote wanaosafishwa damu wangebaki bila historia ya matibabu.

"Mfute Jamaldini," Daktari Ebenezer alisema kwa sauti ya chini. "Mjane nitamwomba radhi mwenyewe."

Ukungu wa Meru ulikuwa umeshuka mpaka madirishani, taa zikawashwa mchana. Salha aliingia chumba cha seva peke yake, akasoma Ayatul Kursi, akaandika amri ya kufuta. Seva ikakataa, haimtambui. Akaandika neno lake la siri, ikakataa tena, na feni zikaanza kunyamaza moja baada ya nyingine mpaka ikabaki pumzi, pumzi nzito ya mtu aliyesimama nyuma ya bega lake, na harufu ya udi ikajaa chumbani mpaka macho yakamwasha, naye hakuthubutu kugeuka, na kwenye kioo cha kompyuta maandishi yakamtaka aweke neno jipya, neno ambalo hajawahi kulitumia popote, na kichwa chake kilichokuwa kitupu kwa woga kikamletea moja tu, la jana, akaliandika: mparachichi wa Akheri.

Seva ikamkubali. Akamfuta Jamaldini, na harufu ikakatika papo hapo.

"Imekubali!" Theresia alipiga kelele kule mapokezi. "Dada, imekubali!"

Nakala zilipita zote. Daktari Ebenezer alimshika mkono kwa mikono yake miwili, na Salha akalia kwa furaha mbele za watu bila haya.

Alipofika getini, Lekishon, mlinzi, alimkodolea macho.

"Sister, si umetoka sasa hivi? Nimekufungulia mimi mwenyewe. Hata salamu hukuitika."

Ndipo Salha alipoelewa. Jini alikuwa ameliacha jina la Jamaldini, kweli, lakini pale aliposimama begani pake, Salha alikuwa amemwachia jina lake mwenyewe, na neno la mlango wa nyumbani kwake. Akapanda bodaboda, akapiga simu ya mama ikaita bila kupokelewa, akapiga tena na tena, akamwambia dereva aongeze mwendo kwenye ukungu ambao taa hazikuupenya, mji mzima ukipita pembeni yake naye hauoni, akimwomba Mungu kitu kimoja tu, mwanawe, mpaka akajikuta anaupiga mlango kwa viganja vyote.

"Mama! Fungua, ni mimi!"

Harufu ya udi ilikuwa ikitoka chini ya mlango.

"Nani?" Bi Mwanahalima aliuliza kwa sauti ndogo.

"Salha! Mparachichi, mama! Mparachichi wa Akheri!"

Akasikia komeo la pili likisukumwa.

"Neno limeshatajwa," mama yake alisema kutoka ndani. "Aliyelitaja yuko humu, anamlisha mwanawe. Rudi ulikotoka, ewe mlaaniwa." Akaanza kumsomea Ayatul Kursi kwa nguvu, ile ile aliyomfundisha Salha utotoni.

Salha aliisoma pamoja naye, neno kwa neno, akilia, ili mama ajue ni yeye. Mama akazidi kupaza sauti.

"Bibi," Najim alisema ndani. "Wa nje ndiye mama."

"Nyamaza, mwanangu," ilijibu sauti ya Salha kule ndani. "Kula."