Kofi la Stendi Mpya

Haya alinisimulia mjukuu wangu juzi, akinisuka. Kazi yake mkoani ni kusimamia ubia kwa niaba ya serikali: serikali imetoa ardhi, kampuni imetoa fedha, wanajenga stendi kubwa ili biashara ya mkoa iamke.

Yeye na kijana wake walikutana kwenye stendi ya zamani, honi zikilia. Katapila lilikuwa limeponda meza ya Mama Nyanya, mchuuzi wa pale. Mjukuu wangu, kavaa gauni la njano na visigino virefu, akamrukia kijana msimamizi wa kampuni, akamzaba kofi.

"Katapila nimelizima mimi," kijana akasema, kashika shavu. "Dereva ni yule anayekimbia."

"Basi kampelekee kofi lake."

"Tamu hivi? Hili nabaki nalo."

Wakapendana kwa siri, maana sheria za kazi haziruhusu wa serikali na wa kampuni kuwa wachumba.

"Wafanyabiashara hawaguswi mpaka vizimba vipya vya biashara viishe kujengwa," mjukuu wangu alimwambia kwenye simu. "Ndivyo tulivyokubaliana."

"Akiguswa hata mmoja, mpenzi, uniue."

Asubuhi moja mkurugenzi wa kampuni akamwaga mabaunsa wenye marungu. Wakavunja meza, wakavunja na mbavu za watu. Mjukuu wangu akampigia kijana simu. Haipatikani. Akaokota nondo, akaenda mbio hadi ofisi ya kijana, akaupiga mlango teke.

Kijana alikuwa chini sakafuni. Shati jeupe limekuwa jekundu, mkono unaning'inia.

"Mwongo! Mbwa wee!" Akainua nondo.

"Piga upande huu, mpenzi. Ule wameshamaliza."

Mama Nyanya, aliyekuwa akimfuta damu, akaidaka nondo. "Una wazimu, mwanangu? Kasimama mbele yetu peke yake kutukinga! Simu yake ndiyo waliyoanza kuiponda!"

Nondo ikaanguka, naye akaanguka juu ya kijana akilia.

"Taratibu, huo ubavu!"

Hospitalini, kijana amefungwa plasta, akamwambia, "Nimeacha kazi. Mimi si wa kampuni tena. Nioe."

"Nani anamwoa nani?"

"Mwenye mshahara ni wewe."

"Ujenzi nimeusimamisha. Hausogei tofali moja mpaka wale akina mama wapate vizimba."

"Sijauliza ujenzi."

"Nimekubali. Ila ukinidanganya, mkono uliobaki ni wangu."

Huyo mume wetu akacheka, akagumia kwa maumivu, dawa ikamzidi nguvu, akaanza kukoroma. Mjukuu wangu akamwangalia mpaka kope zikawa nzito, akalala hapohapo kitini, mdomo wazi.