Gitaa la Marehemu Anselmi

Ndani ya kasha hamkuwa na gitaa. Mlikuwa na ubao.

Ubao wenyewe ulikuwa umeviringishwa kwa gunia na kulazwa vizuri, kama maiti iliyokwisha kukafiniwa. Angelina alifunua gunia, akautazama ubao, kisha akamtazama Mzee Bakili aliyesimama mbele yake na kitambaa cha vanishi mkononi. Hakupiga kelele. Alitoka nje ya kibanda, akapita katikati ya wauza mitumba wa Mtaa wa Mchikichi, akaenda moja kwa moja kituo cha polisi.

Kabla ya jua kupinduka, Mzee Bakili alikuwa mahabusu.

Inspekta Anaeli Mfinanga alipokabidhiwa jalada siku iliyofuata alikuta kesi imekwisha hukumiwa. Mkuu wa kituo alimweleza huku akitafuta funguo za gari lake: gitaa lilikuwa mikononi mwa fundi, gitaa halipo, basi fundi kaliuza. Kesho asubuhi apelekwe mahakamani. Anaeli aliuliza kama kuna askari aliyekwenda kukagua kibanda. Hakuna. Aliuliza kama kuna aliyelichunguza lile kasha lililoletwa pamoja naye. Hakuna pia.

Anaeli alihisi damu ikimpanda. Angekuwa ni mwenye duka la friji aliyeibiwa, wangepelekwa askari wanne na mpiga picha. Huyu alikuwa fundi wa magitaa tu, mzee wa Masasi mwenye kanzu iliyofubaa, na kwa mtu kama huyo upelelezi ulionekana ni kupoteza petroli.

Alishuka mahabusu mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, afande. Umekuja kuniuliza nimeliuza kwa nani?"

"Nimekuja kukuuliza lilikuwa gitaa gani."

Mzee Bakili aliinua kichwa. Tangu akamatwe hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo.

Akasimulia. Lilikuwa gitaa la besi la Kimarekani, la mwanzoni mwa miaka ya sitini, lililonunuliwa na kiwanda cha magunia enzi zile ambapo kila kiwanda kilikuwa na bendi yake. Kiwanda kilipobinafsishwa, mmiliki mpya alisema hana haja na wapiga muziki. Kila mwanamuziki akaambiwa achukue chombo alichokuwa akipiga, ndiyo iwe kwaheri yake. Anselmi, mume wa Angelina, alichukua besi lake. Alilipiga kwenye harusi za Ilala mpaka kifua kilipomlaza, na mwaka jana kikamuua. Mvua za masika zikaingia chumbani kwao Jangwani, maji yakalikuta gitaa chini ya kitanda.

Angelina alimletea Bakili gitaa likiwa na shingo iliyopinda na nyaya za ndani zilizooza. Bakili aliinyoosha ile shingo polepole kwa vibano, akiikaza kidogo kila siku, maana mti ukilazimishwa hupasuka. Sumaku za kunasia sauti alizisuka upya kwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele.

"Mama alinikataza vitu viwili," alisema. "Pale juu ya mwili wa gitaa, mkono wa Anselmi ulikuwa umekula rangi mpaka mti ukaonekana. Akasema pale usipaguse. Na nyuzi. Ndizo za mwisho alizozifunga marehemu, ncha zake kazizungushia uzi mwekundu wa cherehani ya mkewe. Nikamwambia, mama, nyuzi hizi zimekufa. Akanijibu, na mwenyewe amekufa, ziache."

Jumamosi hii wenzake wa bendi walikuwa wakutane Magomeni kumkumbuka. Angelina alitaka besi lilie siku hiyo. Ndiyo maana alikuja kulichukua.

"Mara ya mwisho kuliona lini?"

"Ijumaa asubuhi. Nililifuta, nikalifungia kashani. Mchana nikaenda kuswali."

"Kibanda ulimwachia nani?"

"Sikumwachia mtu. Niliweka kigoda mlangoni."

Anaeli alijua desturi hiyo. Mtu akilaza kigoda mlangoni, amekwenda mara moja na atarudi. Mwenye adabu haingii. Lakini Kariakoo ya sasa ilikuwa imefurika watu waliokuja jana kwa lori.

"Kigoda tu, mzee? Siku hizi?"

"Miaka yote naweka kigoda, afande. Hata vibaka walikuwa wanakiheshimu."

Kasha lilikuwa kwenye chumba cha vielelezo. Anaeli alilishika kishikio, akaliinua, akasimama nalo hivyo kwa muda. Kabla hajahamishiwa upelelezi alikuwa mpiga besi wa bendi ya polisi, na bega lake halikuwa limesahau. Uzito ulikuwa uleule. Hata upande wa shingo ulikuwa mwepesi na upande wa mwili mzito, kama inavyotakiwa. Alifungua, akautazama ubao. Ulikuwa wa mninga, na upande mmoja umeongezewa kipande cha chuma kwa misumari.

Hasira zake zikapata njia. Kibaka angekwapua kasha na gitaa lake, akatoweka. Na fundi aliyeuza gitaa hana sababu ya kuchonga ubao kisha kumkabidhi mwenye mali kasha alifungue mbele yake. Ubao huu ulitengenezwa ili Mzee Bakili alihamishe kasha huku na huku siku kadhaa bila kushtuka. Aliyeutengeneza alijua besi lile lina uzito gani. Alikuwa amelibeba.

Jirani wa kibanda cha Bakili alikuwa Natvarlal, muuza vipuri vya redio na vyombo vya muziki. Mkewe Taraben alimpa inspekta kiti na chai, lakini Natvarlal mwenyewe alikataa kukaa. Alikuwa amefura.

"Mimi nimezaliwa mtaa huu, afande. Toka jana watu wanapita hapo mlangoni wananiuliza nimelipeleka Bombay kwa ndege au kwa meli. Majirani zangu hao."

"Mimi sijakuuliza hivyo, mzee. Nauliza ni nani aliyekuwa analitaka."

Natvarlal alitulia kidogo. Wiki mbili zilizopita, alisema, alikuja mzungu mmoja anayenunua magitaa ya kale. Alikuwa amesikia kwamba bendi za mashirika zimekufa na vyombo vyao vimetapakaa mjini. Aliliona besi kibandani akaduwaa. Bakili akamwambia si lake, na mwenyewe hauzi. Mzungu akaacha jina la hoteli yake, akaondoka.

"Waliongea lugha gani?"

"Bakili hajui Kiingereza. Alikuja na mkalimani. Samson, yule aliyekuwa kiongozi wa bendi ya kiwanda."

"Samson alilishika gitaa?"

"Alilipakata muda mrefu. Akasema, zito vilevile kama zamani."

Anaeli aliweka kikombe chini. Aliuliza jambo moja tu zaidi: kama katika siku hizi kuna mtu aliyenunua nyuzi za besi hapo dukani. Natvarlal alisema hakuna, akamwonyesha ukuta mzima wa nyuzi, pakiti zinang'aa, za Marekani, za Ujerumani, za Uchina. Zamani, alisema, watu walikuwa wanalia kwa kukosa uzi mmoja. Sasa zipo za kila namna na bendi hazipo.

Samson alikuwa na banda la video Magomeni, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya banda hilo. Alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, mwenye sauti ya kuongoza watu. Alimkaribisha Anaeli uani, akamwagiza mkewe alete soda, akaketi na kukunja nne. Habari za wizi alikuwa amezisikia. Zilikuwa zimemwuma sana. Anselmi alikuwa ndugu yake kabisa, walilala chumba kimoja katika ziara za mikoani.

"Ijumaa mchana ulikuwa wapi, Bwana Samson?"

"Hapa bandani. Ijumaa wateja wengi."

"Mara ya mwisho umeshika gitaa lini?"

"Nimelishika lile kwa Bakili, kidogo tu. La kwangu nililiuza mwezi uleule kiwanda kilipouzwa. Muziki nimeshauacha, afande. Sasa hivi hata kijiti cha kupigia sina."

"Hata la kuazima?"

"Nifanyie nini? Nimekwambia nimeacha."

Anaeli alikuwa akitazama kamba ya nguo. Kati ya khanga mbili na shati la kitenge zilining'inia nyuzi nne za chuma, kila moja imebanwa kwa kibanio chake, kutoka nyembamba mpaka ile nene ya mwisho. Chini yake, kando ya jiko la mkaa, kulikuwa na sufuria iliyobaki ukoko mweupe.

Alisimama, akagusa ukoko kwa kidole, akauonja. Magadi.

Hakuhitaji kuelezwa. Enzi za maduka matupu kila mpiga besi wa nchi hii alifanya hivyo, na Anaeli alikuwa mmojawapo. Nyuzi zikifa sauti kwa jasho na uchafu, unazivua, unazichemsha kwa maji ya magadi, unazianika, unazifunga tena. Zinafufuka kwa muda. Hakuna aliyetupa uzi wa besi miaka ile. Ungeweza kutupa kiatu.

"Hizi ni za nani?"

Samson aligeuka.

"Huna gitaa," alisema Anaeli. "Umeacha muziki. Kwa Natvarlal nyuzi mpya zimejaa ukuta mzima. Hizi umezichemsha za nini?"

"Mazoea tu, afande."

"Mazoea ya nini? Umezivua kwenye gitaa gani?"

Anaeli aliivua ile nene kutoka kwenye kamba, akaigeuza ncha yake juani. Uzi wa cherehani ulikuwa bado umezungushwa pale. Magadi yalikuwa yameupausha, lakini wekundu wake ulionekana.

Mke wa Samson alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya soda. Aliirudisha ndani.

Gitaa lilikuwa chini ya kitanda, ndani ya blanketi. Anaeli alipolifunua hakulitambua. Alitegemea chombo cha kale chenye makovu. Aliloliona lilikuwa jekundu tupu, linang'aa, linanuka rangi ya gari, na limefungwa nyuzi mpya kabisa.

Kituoni alimweleza Samson haki yake: halazimiki kusema lolote, na atakalosema litaandikwa na huenda likatumika mahakamani. Samson alisema atasema. Anaeli alimwomba asubiri kidogo. Aliagiza Mzee Bakili atolewe mahabusu, na Angelina aitwe aje kulitambua gitaa lake.

Angelina alikuja na vazi lake la kazini, vipande vya uzi bado vimemganda begani. Hakumsalimu mtu. Alilipakata lile gitaa jekundu, akapitisha kiganja juu ya mwili wake, pale juu, mbele, kisha akarudia.

"Mahali pake pako wapi?"

Akamgeukia Samson.

"Nakuuliza wewe, shemeji. Mahali pa mkono wa mume wangu pako wapi?"

"Nilipiga msasa," alisema Samson.

"Kwa nini?"

"Nilitaka lionekane zuri. Yule mzungu alishanipa nyuzi mpya, akaniambia mwenyewe akikubali nimletee hotelini." Alijifuta uso. "Nikamwambia mwenyewe kakubali. Nikaingia kibandani Ijumaa watu wakiwa msikitini, nikauweka ule ubao, nikatoka nalo kwenye gunia la mkaa. Nikalipaka rangi, nikampelekea. Alipoliona akashika kichwa. Akasema yeye alitaka lile lililochakaa, hili halimfai. Akanifukuza."

"Kwa hiyo umeliharibu bure," alisema Anaeli.

"Bure, afande."

"Na kwa nini ulilitaka? Banda lako lina watu kila siku."

Hapo Samson aliinua sauti, ile sauti yake ya jukwaani. Kiwanda kilipouzwa, alisema, meneja aliondoka na nyumba. Mhasibu aliondoka na gari. Kuna waliobeba mashine, kuna waliobeba mabati ya paa. Yeye aliipa ile bendi ujana wake wote, akaambiwa ahsante. Kila mtu nchi hii alikuwa anachukua chake, na yeye akaona achukue chake.

"Chako?" Anaeli alikuwa amesimama. "Wewe uliambiwa chukua gitaa lako, ukalichukua, ukaliuza, ukafungua video. Anselmi aliambiwa achukue lake, akalipiga mpaka kufa. Meneja hukumgusa. Mhasibu hukumgusa. Umekwenda kumwibia mjane wa mwenzako, ukamwacha mzee huyu alale sakafuni kwa kosa lako, halafu unatuhutubia hapa habari za mabati."

Samson aliinamisha kichwa. Sajini aliyekuwa akiandika maelezo alimpa karatasi atie sahihi.

Anaeli alimsogezea Angelina bahasha ya vielelezo. Angelina alizitoa zile nyuzi nne, akaziinua mpaka puani.

"Zinanuka magadi," alisema.

"Kazichemsha, mama."

"Hata jasho lake amelimwaga." Alizirudisha kwenye bahasha taratibu, moja moja. Kisha akamgeukia Mzee Bakili. "Fundi, mimi ndiye niliyekuleta hapa. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mama. Ningeukuta ubao mimi, hata mimi ningekwenda polisi." Mzee alilitazama gitaa, akatikisa kichwa. "Nipe siku mbili. Rangi hii nitaitoa yote. Ila mkono wake sitaweza kuurudisha."

"Usiitoe."

Bakili alimtazama kama aliyesikia vibaya.

"Jumamosi lipigwe hivi hivi na wekundu wake," alisema Angelina. "Bendi nzima itakuwapo, na wake zao, na watu wa Jangwani. Kila mmoja ataniuliza nani kalipaka rangi gitaa la Anselmi. Nami nitamjibu."

Anaeli aliagiza gitaa lipigwe picha pande zote, akaenda kuandika maombi kwa hakimu ili mwenye mali akabidhiwe kabla ya Jumamosi. Mzee Bakili alikuwa ameshaanza kulegeza nyuzi mpya ili azirudishe zile za zamani, kwani hizo nazo, magadi au si magadi, Angelina alizitaka.

Samson aliomba apelekwe mahabusu.