Wino wa Uchaguzi Uliofutwa

Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi. Asubuhi ilianza na manyunyu membamba, yale yasiyomlowesha mtu ila humchosha.

Saa mbili. Chumba cha nyuma cha duka la fremu. Mlango umekomewa, redio inaimba ili maneno yasitoke nje. Mzee Kiberiti alichora nyumba kwa kidole juu ya vumbi la mbao, akaeleza, kisha akaifuta kwa kiganja. Ndivyo alivyokuwa. Hakuacha alama popote, wala rafiki.

Nyumba ilikuwa ya mwalimu mstaafu. Mke amefariki, watoto wako mbali, mbwa hana. Maisha yake yote alikusanya vitu vya kampeni za zamani: beji, kofia, mabango, filimbi za mikutano ya hadhara. Majirani walisema ana wazimu wa kupenda takataka. Lakini chumbani mwake lilikuwemo sanduku la bati, na ndani yake tiketi za kura za enzi zile ambapo kila mgombea alijichapishia zake, na mpiga kura akatumbukiza ya mtu wake. Uchaguzi wa tiketi hizi ulifutwa kabla kura hazijahesabiwa. Ikaamriwa zichomwe zote. Hizi za Mwalimu ziliuponyoka moto, na sasa kulikuwa na tajiri wa mbali aliyezitaka kuliko dhahabu.

"Karatasi," alisema Breki, dereva. "Tukafungwe kwa sababu ya karatasi."

"Hata noti ni karatasi," Kiberiti alimjibu. "Mbona hizo huzisemi vibaya?"

Fundi Kufuli hakucheka. Yeye kazi yake ilikuwa milango na sanduku. Macho yake yalikuwa kwa mtu aliyekaa pembeni, magoti yamebanana kama mgeni msibani. Huyo alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake wa pekee, mpiga chapa aliyekosa kazi tangu kiwanda kifungwe. Mwalimu alikuwa na nakala nyingi za maonyesho, na Kiberiti alitaka mtu wa kuzitenga na tiketi halisi. Fundi ndiye aliyemtaja. Ndiye aliyemfuata mara ya kwanza akakataliwa, akamfuata tena mpaka mtu wa watu akalegea. Walikubaliana jambo moja: dada asijue kamwe. Kwa dada, mumewe alikuwa ameenda kwenye kibarua.

Fundi alikuwa ameapa moyoni kumrudisha kabla ya chakula cha mchana.

Saa nne. Mwalimu alitoka na mkongojo wake kwenda hospitali kunyooshwa goti, kama alivyofanya kila Jumamosi. Breki akasimamisha pikapu uchochoroni, nyuma imejaa fremu tupu na picha moja ya maua. Fundi alipoinama kwenye kufuli, midomo yake ilianza dua yenyewe. Akaona haya. Mtu anamwombaje Mungu amsaidie kuiba? Akaomba mvua ikatike tu.

Kufuli ilikubali. Sanduku nalo likakubali.

Shemeji alipiga magoti. Ghafla hofu ikamtoka usoni. Karatasi ilikuwa mkononi mwake tena, baada ya muda mrefu wa kubeba mawe na mchanga wa watu. Akashika bunda la kwanza, akaligonga sakafuni kulisawazisha, akalamba kidole gumba, akaanza kupekua. Halisi huku, nakala kule. Akalamba tena. Ndivyo walivyopekua karatasi kiwandani, wote, tangu wakiwa wanafunzi wa kazi. Mkono ulikwenda wenyewe.

Tiketi zilikuwa zimechapwa kwa wino wa zambarau wa mashine ya kurudufu, wino unaoamka ukiguswa na maji hata ukilala miaka mingapi. Fundi alikuwa mlangoni, mgongo umemwelekea. Kiberiti alikuwa dirishani. Hakuna aliyemtazama mdomoni.

Walitoka. Shemeji alikuwa wa mwisho. Alivuta mlango mweupe kwa mkono wake wa kulia.

Ndani ya pikapu Breki alimwona kwenye kioo akaangua kicheko. "We Fundi, shemeji yako amekula zambarau?"

Midomo, meno, ulimi, kidole gumba: vyote rangi moja. Fundi alivaa glavu za Breki, akachukua kitambaa na sabuni, akamsugua kama anavyosuguliwa mtoto. Wino ukapanda mashavuni.

"Tutasema ni zambarau kweli," Fundi alisema.

"Msimu wake umepita," alisema Kiberiti. Yeye hakuwa amecheka.

Walikuwa wamezunguka vichochoroni karibu saa nzima wakisugua, ndipo simu ya Kiberiti ikalia; alikuwa mtu wake aliyemweka mtaani. Alisikiliza, akakata. Mtaalamu wa magoti hakuja hospitali leo, kwa hiyo Mwalimu alirudi mapema. Alikuta alama ya zambarau mlangoni, akaijua mara moja: wino wa tiketi zake, uliolowa mate. Sasa polisi walikuwa darajani wakikagua vidole na midomo ya wapitaji. Na njia nyingine haikuwepo.

"Simamisha," alisema Kiberiti. Breki akasimamisha. "Wewe, shuka."

"Mzee, nitawaambia nini?"

"Utakachopenda. Mimi na wewe hatujawahi kuonana." Kisha akamgeukia Fundi. "Mlango uko wazi hata kwako."

Baadaye Fundi angejiambia kuwa ni bastola iliyomzuia. Lakini bastola ilikuwa kiunoni mwa Kiberiti, na haikuchomolewa. Miguu yake ndiyo iliyokataa.

Shemeji alimtazama. "Kaa, shemeji," alisema taratibu. "Pale nyumbani lazima abaki mwanamume mmoja."

Akashuka kwenye manyunyu, amefunika mdomo kwa kiganja, na kidole gumba cha zambarau ndicho kilichomsema. Darajani askari aliangalia vidole vya Fundi, akamwambia apite. Tiketi zikapita naye, zimefichwa ndani ya fremu, nyuma ya picha ya maua.

Saa kumi. Dada alimpigia simu akilia, kaka njoo unisindikize, sina mwingine. Akaenda. Angekataaje?

Kituoni mume alikaa benchi la nyuma ya kaunta, pingu mkononi, mdomo wa zambarau. Mwalimu alikuwepo, amejikunja juu ya mkongojo wake, hana hata hasira. Sajenti alieleza kwamba mtu huyu akiwataja wenzake, kesi yake itakuwa nyepesi. Ameulizwa tangu mchana. Anasema alikuwa peke yake.

"Mume wangu hajui kufungua hata kopo," dada alisema. "Kuna mtu alimwingiza humu. Mtaje, baba wa watoto."

Mume aliinamisha kichwa. Hakumtazama Fundi hata kidogo. Fundi alitamani atazamwe, ili jambo liishe. Akapiga hatua moja kuelekea kaunta, akasimama.

Ndipo dada alipomshika mkono akamvuta mpaka mbele ya kaunta.

"Kaka, baba alituachia wewe. Niahidi mbele ya afande, mbele ya Mwalimu, mbele ya mume wangu. Utamtafuta mtu huyo."

Sajenti aliweka kalamu chini.

"Nakuahidi, dada," alisema Fundi, kwa sauti iliyofika hadi mlangoni. "Nitamtafuta. Na nikimpata, nitamleta hapa mimi mwenyewe."