Maneno Ambayo Bibi Itto Hakuyasema

Kila alasiri Tuda alipotoka shule, hapo Azrou, mji wa milimani, aliwakuta Bibi Itto na jirani yao Bi Zhor wamekaa benchi moja mbele ya mtambo wa kufumia, wakifuma zulia. Bibi upande wa mlango, Bi Zhor upande wa dirisha. Bibi alijua Kiamazighi tu, lugha ya wenyeji wa milima hiyo. Bi Zhor, aliyeolewa kutoka nchi ya tambarare, alijua Kiarabu tu. Walielewana kwa vidole, kwa macho na kwa vicheko. Vidole viliposhindwa, Tuda alitafsiri.

Siku moja Bi Zhor akiwa sokoni, alikuja mtangazaji wa redio aitwaye Ghizlan, akikusanya maoni ya wazee.

"Muulize bibi yako, shuleni ifundishwe lugha gani?" alimwambia Tuda kwa Kiarabu.

Bibi alijibu bila kuacha kufuma. "Zote! Wasome Kiarabu, Kifaransa, hata Kichina wakitaka. Mimi nataka tu nikienda hospitali, mtu aniulize kwa lugha yangu naumwa wapi."

Tuda aliyaona maneno hayo yamepoa mno. Wiki hiyo walikuwa wamebishana sana darasani, na yeye alikuwa na maoni yake makali. Basi akamgeukia Ghizlan. "Bibi anasema asiyejua Kiamazighi ni mgeni hapa, hata akae miaka mia."

"Lo! Na vita vya mataifa makubwa anavionaje?"

"Hao wakubwa siwajui," Bibi alisema. "Unga ukipanda bei, ndipo najua wamegombana tena."

Hilo Tuda alilitafsiri kama lilivyo, kwa sababu lilimchekesha.

Ijumaa, baada ya kula kuskusi, redio ikatangaza maneno ya Bibi kama Tuda alivyoyatafsiri. Mtaa mzima ulisikia. Maskini Bibi, hakuelewa Kiarabu kile. Alisikia jina lake tu, akapiga makofi.

Kesho yake Bi Zhor hakuja. Wala kesho kutwa. Zulia likifumwa upande mmoja hupinda, kwa hiyo Bibi alikaa tu, mikono mapajani, akitazama dirishani.

"Nimemkosea nini mwenzangu?" aliuliza. "Tuda, umesikia lolote?"

"Sijui, Bibi."

Alijua vizuri sana. Shuleni, Salwa, mjukuu wa Bi Zhor, alihama dawati. "Sisi wageni tunakaa huku," alisema kwa sauti, na wenzake wakacheka. Tuda alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni alimkuta Bibi akifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Hapo Tuda akashindwa kuvumilia, akalia, akaeleza yote. Bibi hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi. Alivaa viatu tu.

"Twende kwake. Na leo usitie chumvi."

Bi Zhor alifungua mlango nusu. "Mwambie bibi yako, mgeni amechoka, anataka kulala."

Tuda alilazimika kuyatafsiri hayo neno kwa neno. Aliuona uso wa Bibi ukisinyaa. Kisha akamgeukia Bi Zhor.

"Hakusema Bibi. Nilisema mimi. Yeye alisema watoto wasome lugha zote, na hospitalini aulizwe kwa lugha yake. Nisamehe, Bi Zhor."

Bi Zhor alifungua mlango wote. "Nimefuma naye tangu mama yako hajazaliwa," alisema, "nami nikaamini! Hata mimi nina kosa."

Bibi aliposikia tafsiri, alimshika mwenzake mkono. Halafu akamkazia Tuda macho.

"Mjukuu wangu, una maoni? Yaseme, hata yakiwa ya kipumbavu. Yaseme kwa jina lako, nasi tutabishana nawe. Lakini usiyatie kinywani mwa mtu, maana ni yeye atakayenyimwa salamu. Kesho utampigia simu yule binti wa redio."

Tuda alipiga, na Ijumaa iliyofuata redio ikasahihisha. Lakini Bi Zhor hakungoja redio. Siku ileile ya simu alishakaa upande wake wa dirisha, akapokea chai aliyoipika Tuda, akaionja, akasema jambo refu huku akimtazama Tuda.

"Anasemaje?" Bibi aliuliza.

Tuda aliinama. "Anasema chai haina sukari, na aliyeipika ana ulimi mrefu kuliko akili."

"Ahaa!" Bibi alicheka, akavuta uzi. "Leo umetafsiri sawasawa."