Maziwa ya Mke Mwenza

Mtoto alikuwa ameshiba, na hakuna aliyemnyonyesha.

Rehma alimtia titi mdomoni, Zuleha akageuza uso, akacheua. Kinywa chake kilinuka matope ya ziwa.

"Ni joto tu," alisema Muhidin, mumewe, akiendelea kupaa magamba ya samaki, ngege, mlangoni. "Wewe nawe! Likizo nimeiomba mwaka mzima, sasa unatafuta ugonjwa."

Walikuwa wametoka Kaloleni jana yake, Desemba ya mwaka wa tisini na moja, kuja kupumzika katika kijiji cha wavuvi. Nyumba ilikuwa ya Mzee Absalom, aliyefiwa na mkewe. Kwake wageni hawakupikiwa. Walipewa kitanda, sufuria na kuni, wajipikie. Jikoni mlikuwa na mafiga matatu meusi, yaliyozama ardhini kwa kukaa sana.

"Mama, hapo ndipo utapika," Absalom alikuwa amemwambia Rehma, yeye mwenyewe akibaki nje ya kizingiti. "Hilo ni jiko lako. Sema basi."

"Niseme nini, Mzee?"

"Kwamba ni jiko lako."

Rehma alicheka kwa haya, akasema. Absalom akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia.

Mchana huo, Rehma alipokuwa akianika nguo, alisikia mwanamke akibembeleza mtoto ndani. Alidhani ni jirani. Aliposukuma mlango hakuona jirani wala mtu yeyote, ila aliona Zuleha juu ya mkeka, kichwa kimeinuka kidogo kana kwamba kimelazwa juu ya mkono, midomo ikivuta hewa, koo likimeza na kumeza, na tone jeupe likishuka shavuni, likidondoka mkekani, likinuka samaki waliolala.

Alimnyakua mtoto akakimbilia kwa Benta, mwanamke aliyekausha samaki kwa moshi nyumba ya pili. Benta hakumuuliza ameona nini.

"Umepika mle?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Nimepika."

"Juu ya mafiga yale?"

"Kwani kuna mengine?"

Benta aliweka chini samaki aliyemshika. "Woi! Hilo ni jiko la Agneta, mke wa Absalom. Alikufa akijifungua, mtoto naye akafa, matiti yamejaa. Huku kwetu, mke akifa, mafiga yake yanang'olewa kabla mwanamke mwingine hajawasha moto. Ukipikia kabla, umekuwa nyieka, mke mwenza wake. Na watoto wa wake wenza ni wa wote."

"Mbona Mzee hakuyang'oa?"

"Muulize."

Absalom alikuwa akila ugali, tonge kubwa kubwa.

"Mzee, mimi nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, Mama. Tangu amekufa alikuwa analia kitandani kwangu, anatafuta mtoto wa kunyonya. Sasa amepata." Akalamba vidole. "Jana nimelala."

Waliondoka saa ile ile. Lakini walipofungua mlango wao Kaloleni, harufu ya matope iliwapokea ndani.

Muhidin alimwita Mzee Mbarak, mtu wa dua. Alichoma ubani, akasoma mpaka shingo ikamtoka mishipa. Zuleha alipiga kelele kama anayenyang'anywa kitu. Kisha nyayo za maji zikajitokeza sakafuni moja moja, zikaenda mlangoni, zikatoka. Mzee Mbarak akabandika karatasi ya aya juu ya mlango.

"Jini hatarudi," alisema, "ila mkimkaribisha wenyewe."

Muhidin alicheka usiku kucha kwa furaha.

Asubuhi Rehma alimpa mtoto titi. Zuleha alilionja, akalitema. Hata hivyo hakukuwa na kitu, matiti yalikuwa yamelala kama soksi zilizovuliwa. Maziwa ya ng'ombe aliyatapika. Ya kopo aliyatapika. Hospitalini walimtundikia maji, wakayaondoa, wakawarudisha nyumbani. Wiki ilipokwisha ngozi ilikuwa imeshikana na mbavu, na kilio chake kilikuwa kimepungua hata kufanana na mlango unaofunguliwa polepole nyumba ya mbali.

"Tumwachie Mungu," Muhidin alisema. "Usinitazame hivyo. Unataka nimrudishe jini?"

Jioni mumewe alipokwenda msikitini, Rehma alipanda kiti, akaibandua karatasi, akaufungua mlango wazi.

"Mwenzangu," alinong'ona. "Ingia. Mtoto wetu ana njaa."

Mikono ya baridi, iliyolowa, ilimpokea mtoto kutoka mikononi mwake. Chumba kilijaa sauti ya kumeza. Zuleha alinyonya kwa pupa, halafu polepole, akatabasamu, akimtazama mama yake usoni.

Rehma alikuwa amesimama upande wa pili, nyuma ya kisogo cha mtoto.