Jina Lililokatwa kwa Mkasi

Kila Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho, Chiriku alibaki darasani kubandika gazeti la ukutani. Jina hilo la utani alipewa na wenzake kwa haki kabisa, maana mdomo wake haukujua likizo. Wiki hiyo wenzake hao walimwangusha: hakuna aliyeleta hadithi. Basi akaingia kwenye tovuti ambako mama yake mdogo, msusi wa nywele, alikuwa akiweka hadithi alizoandika kati ya mteja mmoja na mwingine. Akaichapa ile ya kinyozi anayeogopa wembe. Karatasi ikazidi ubao kwa vidole viwili. Chiriku akachukua mkasi akapunguza chini, na kilichokatika kilikuwa jina la mwandishi. Akajisemea kwamba hadithi ni ile ile, jina nani atalisoma?

Jumatatu mwalimu wa Kiswahili alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akalipiga gazeti picha na kuiweka kwenye ukurasa wa shule mtandaoni, juu yake akaandika: “Kazi za wanafunzi wetu.” Sifa zikamiminika. Chiriku akavimba kichwa, wala hakusahihisha neno.

Alhamisi alipita saluni akitoka shule, akamkuta mama mdogo ameketi kwenye kiti cha wateja, macho mekundu. Wasimamizi wa tovuti walikuwa wameiondoa hadithi yake. Msomaji mmoja alilalamika kwamba ameiba kazi ya wanafunzi. Mama mdogo alipewa siku tatu ajieleze, la sivyo ukurasa wake wote, hadithi za miaka minne, ungefungwa.

“Mimi niwaibie watoto?” alisema. “Nani atanisoma tena?”

Chiriku angeweza kunyamaza, kwani hakuna aliyemwona na mkasi. Lakini kumtazama mama mdogo akifuta machozi kwa taulo la wateja kulimshinda.

“Mama mdogo, ni mimi,” alisema, kisha akaeleza yote.

Mama mdogo alikasirika kwelikweli. Alifunga saluni, wakaenda shuleni saa hiyo hiyo. Mwalimu aliposikia aliona haya, maana na yeye hakuuliza hadithi imetoka wapi. Aliiondoa picha, akaomba radhi kwenye ukurasa wa shule na kumtaja mwandishi, kisha akaandika barua yenye mhuri. Mama mdogo aliituma barua hiyo pamoja na rasimu zake zenye tarehe. Jumamosi asubuhi hadithi ikarudishwa.

“Sitakata jina la mtu tena,” Chiriku aliahidi.

“Jina peke yake halitoshi,” alijibu mama mdogo. “Kuomba ruhusa ndiko kunakoanza. Kitu kikiwekwa mtandaoni kila mtu anaweza kukisoma, lakini hakijawa mali ya kila mtu. Sheria ya hakimiliki inamlinda mwandishi, awe na kitabu dukani au ukurasa kwenye simu kama mimi. Kazi ya mtu ni jasho lake.”

Kisha akapunguza ukali wa sauti.

“Na ungeniuliza, ningekupa. Tena ningekuja mwenyewe kuwasomea wenzako.”

Maneno hayo yalimuuma Chiriku kuliko karipio lolote. Aliinamisha kichwa, kisha akamuuliza taratibu kama bado angekubali kuja.